Mafuta ya Kula, Njaa na Uzito wa Mwili

Leo tutajifunza juu ya mafuta ya kula. Tutaona mafuta yanafanya nini yakishaingia tumboni. Tutaona mwili unajuaje kuwa umeshiba. Tutaona pia kwa nini watu wawili wanakula chungu kimoja, mmoja akanenepa na mwingine akakonda.

Somo hili ninaliandika kwa sababu nilikosea. Mimi ni mganga msaidizi katika zahanati ya kijiji. Nilipotoka chuoni nilikuwa na haraka ya kufundisha. Siku moja ya kliniki nilisimama chini ya mwembe, nikawaambia watu: "Wenye presha na wanene, acheni mafuta kabisa." Nikarudi ndani kupima watu. Nilidhani nimefanya kazi nzuri.

Kati ya waliosikia alikuwapo mama mmoja. Hapa nitamwita Mama Tumaini, ingawa si jina lake. Ana miaka 38. Anatumia dawa za presha. Urefu wake ni mita 1 na sentimita 60, na siku ile alikuwa na kilo 82. Mgongoni alikuwa amembeba mtoto wake wa mwisho, wa kike, mwenye miezi 11. Mtoto alikuwa na kilo 8 na gramu 100. Mstari wake kwenye kadi ya kliniki ulikuwa unapanda vizuri.

Baada ya miezi mitatu nilimwona tena. Nilimpima mtoto kwenye mizani ya kuning'iniza. Kilo 7 na gramu 400. Nilimtoa, nikaiweka mizani sawa, nikampima tena. Ilikuwa ile ile. Mtoto wa miezi 14 alikuwa na uzito mdogo kuliko alipokuwa na miezi 11. Nilimpima malaria, hakuwa nayo. Hakuwa anaharisha wala kukohoa. Nikamwuliza mama anampa nini.

"Uji wa mahindi na ugali kwa mchicha."

"Mchicha unaungwa na nini?"

"Na chumvi na maji. Karanga pia nimeacha. Daktari, si wewe uliyesema tuache mafuta? Nimeyatoa nyumbani kwangu yote."

Nilishindwa la kumjibu. Kisha nilimpima yeye mwenyewe. Miezi mitatu bila mafuta, na alikuwa na kilo 81. Alipungua kilo moja tu. Akaniambia, kwa sauti ndogo, kuwa usiku njaa inamwamsha. Anaamka, anakula kiporo cha ugali. Siku za gulio anakula maandazi, kwa kuwa nyumbani hakuna kitu chenye ladha.

Basi neno langu moja lilikuwa limemkondesha mtoto, na mama halikumsaidia. Nilirudi kusoma upya. Niliyojifunza ndiyo haya.

Mafuta ni chakula chenye nguvu nyingi

Nguvu ya chakula hupimwa kwa kipimo kiitwacho kalori. Kama vile unga tunavyoupima kwa kilo, ndivyo nguvu tunavyoipima kwa kalori.

Gramu moja ya wanga, yaani ya ugali, wali, mihogo au sukari, ina kalori 4. Gramu moja ya protini, yaani ile ya kujenga mwili iliyo katika maharage, nyama, samaki na maziwa, nayo ina kalori 4. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9. Kwa hiyo mafuta yana nguvu zaidi ya mara mbili.

Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kina karibu kalori 120. Kijiko hicho hakijazi tumbo. Ukikimimina kwenye sufuria ya mboga hukioni tena. Lakini nguvu yake ni sawa na ya gramu 33 hivi za unga wa mahindi.

Tazama viazi mbatata. Gramu 100 za viazi vilivyochemshwa zina kalori kama 87. Vikate, uvitumbukize katika mafuta yanayochemka. Maji yaliyokuwa ndani ya kiazi yanatoka kwa mvuke, na mafuta yanaingia. Sasa gramu 100 za chipsi hizo zina kalori kama 300. Kinachojaza tumbo ni kile kile, lakini nguvu imekuwa zaidi ya mara tatu.

Hapa ndipo hatari ilipo kwa mtu mzima, na hapa hapa ndipo faida ilipo kwa mtoto. Tumbo la mtoto wa kilo 8 ni dogo. Kwa mlo mmoja hubeba kiasi cha kikombe kimoja tu. Ukikijaza kikombe hicho kwa uji mwepesi, umemjaza maji. Analala ameshiba, lakini mwili wake una njaa. Ukitia kijiko kimoja cha chai cha mafuta, umemwongezea kalori 40 bila kumwongezea mzigo tumboni.

Mafuta yana kazi nyingine pia. Vitamini A, ambayo huyalinda macho na kuukinga mwili na maradhi, haiingii vizuri mwilini bila mafuta. Mchicha, matembele, kisamvu na karoti vina ile asili ya vitamini A. Ukivipika kwa maji matupu, sehemu kubwa hupita tu na kutoka. Kwa hiyo yule mtoto alipoteza nguvu, akapoteza na faida ya mboga aliyokuwa akila.

Wajumbe ndani ya damu

Sasa tuje kwenye njaa na shibe. Wengi wetu tunadhani kushiba ni tumbo kujaa, kama gunia. Kujaa kwa tumbo ni sehemu moja ya habari. Sehemu nyingine ni wajumbe.

Mwili hutengeneza vitu viitwavyo homoni. Homoni ni mjumbe anayesafiri katika damu. Ni kama mjumbe anayetumwa na mwenyekiti wa kijiji kupita nyumba kwa nyumba. Hakushika jembe wala hakubeba mzigo. Kazi yake ni kufikisha habari, na wanaoisikia ndio wanaotenda. Habari za njaa na shibe hupelekwa kwenye ubongo, na ubongo ndio unaoamua: ule, au uache.

Wako wajumbe wengi wa kazi hii. Mimi nitaeleza watatu.

Wa kwanza huitwa grelini. Huyu ni mjumbe wa njaa. Anatoka zaidi kwenye tumbo lenyewe. Aligunduliwa mwaka 1999 na wataalamu wawili wa Japani, Masayasu Kojima na Kenji Kangawa, na wenzao. Kabla ya saa ya kula anapanda. Ukishakula anashuka. Ndiyo maana mtu aliyezoea kula saa saba mchana, saa saba ikifika tumbo linamdai, hata kama asubuhi alikula vizuri.

Sasa sikiliza jambo hili. Chakula cha protini na chakula cha wanga humshusha mjumbe wa njaa vizuri. Mafuta humshusha kidogo zaidi, hata kama kalori ni zile zile. Kwa hiyo mtu anaweza kula maandazi manne yanayong'aa kwa mafuta, na baada ya muda mfupi akatafuta kingine.

Wa pili ana jina refu: kolesistokinini. Jina hili humchosha hata aliyelisoma chuoni. Sisi tutamwita mjumbe wa nyongo. Mwaka 1928 wataalamu Ivy na Oldberg, huko Chicago, Marekani, waliona kwamba yuko mjumbe anayetoka kwenye utumbo mwembamba na kukifanya kifuko cha nyongo kijikamue. Mafuta yakifika kwenye utumbo huo, mjumbe huyu anatoka. Nyongo inamwagika na kuyavunja mafuta vipande vidogo vidogo, kama sabuni inavyovunja mafuta ya sufuria. Kongosho nayo inatoa maji yake ya kuyasaga.

Baadaye, mwaka 1973, wataalamu wengine wa Marekani waliwachoma panya sindano ya mjumbe huyo. Panya wakala kidogo kuliko kawaida. Ndipo ikajulikana kuwa ana kazi nyingine. Anaufunga polepole mlango wa chini wa tumbo, ili chakula kisishuke upesi. Anauarifu pia ubongo kupitia mshipa mkubwa wa fahamu: "Chakula kimefika, inatosha."

Ndugu msomaji, utasema: basi mafuta yanashibisha! Ni kweli, yanashibisha. Mboga iliyoungwa kwa karanga hukaa tumboni kuliko mboga ya maji na chumvi. Hii ndiyo sababu Mama Tumaini alikuwa anaamka usiku. Aliondoa mafuta yote, na mlango wa tumbo ukawa unafunguka upesi.

Lakini mjumbe wa nyongo ana udhaifu wake. Anasubiri mafuta yafike kwenye utumbo na yaanze kusagwa. Hilo linachukua muda. Mtu anayekula upesi, katika dakika kumi amemaliza sahani ya chipsi mayai. Kalori zimekwisha kuingia. Mjumbe anafika akiwa amechelewa, kama polisi anayefika mwizi ameshaondoka na mbuzi. Tena kwa panya imeonekana kuwa, wakizoea kulishwa mafuta mengi kila siku, mjumbe huyu hawapunguzii kula kama zamani.

Mjumbe wa akiba

Wa tatu huitwa leptini. Huyu ndiye aliyenishangaza zaidi.

Katika maabara moja ya Marekani walikuwapo panya wanene kupita kiasi. Walikuwa wakila bila kukoma. Unene huo walizaliwa nao. Kwa miaka mingi haikujulikana wamepungukiwa nini. Mwaka 1994 Jeffrey Friedman na wenzake, katika Chuo Kikuu cha Rockefeller mjini New York, walipata jibu. Miili ya panya wale haikuweza kutengeneza mjumbe mmoja. Mjumbe huyo akapewa jina leptini, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya wembamba. Mwaka uliofuata panya hao walichomwa sindano za leptini. Wakapunguza kula, wakakonda.

Leptini hutoka wapi? Hutoka kwenye mafuta ya mwili wenyewe, yale yaliyo chini ya ngozi na tumboni. Nilisoma jambo hili mara mbili. Nilikuwa nadhani mafuta ya mwilini ni mzigo tu, kama gunia lililolala ghalani. Kumbe yanasema. Yanatuma habari kwa ubongo: "Akiba ipo." Akiba ikipungua, leptini inapungua, na ubongo unasema: "Njaa inakuja. Kula. Usitumie nguvu ovyo."

Wataalamu walitumaini kuwa sindano ya leptini itaponya unene wa watu. Haikuwa hivyo. Wako watoto wachache sana duniani waliozaliwa bila leptini, na hao sindano iliwasaidia sana. Lakini watu wanene wengi wana leptini nyingi tayari. Ubongo wao hauisikii. Ni kama mtu anayekaa jirani na mashine ya kusaga. Siku za kwanza hawezi kulala kwa kelele. Baada ya mwaka mmoja haisikii tena, ingawa inasaga kila siku.

Kutokana na hayo tunajifunza jambo ambalo sisi waganga tunapaswa kulijua kwanza. Mtu mnene akipungua kilo chache, leptini yake inashuka, na grelini yake inapanda. Mwili wake unadhani umevamiwa na njaa, na unapigana kuirudisha akiba. Mtu huyu si mlafi. Si mtu asiye na nia. Anapigana na wajumbe wake mwenyewe, mchana na usiku. Ukimcheka, unamcheka mtu aliyebeba mzigo usioonekana.

Kupungua kuwe polepole. Nusu kilo kwa juma inatosha, na hata kilo moja kwa mwezi ni kazi nzuri.

Je, ni mafuta peke yake yanayonenepesha?

Hapa watu wanabishana sana. Wengine husema mafuta hayanenepeshi, wanaonenepesha ni ugali na sukari. Wengine husema kinyume chake.

Mwaka 2021 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanywa na Kevin Hall na wenzake katika taasisi ya afya ya serikali ya Marekani. Watu wazima 20 walikaa wodini majuma manne. Majuma mawili walipewa chakula chenye mafuta mengi sana na wanga kidogo. Majuma mawili walipewa chakula chenye mafuta kidogo na wanga mwingi, zaidi cha mimea. Waliambiwa wale wanavyotaka. Katika siku za mafuta kidogo, kila mtu alikula karibu kalori 690 pungufu kwa siku, na hakusikia njaa zaidi. Lakini katika vyakula vyote viwili watu walipungua uzito.

Sababu moja ni kwamba vyakula vyote viwili havikuwa vya kiwandani. Mtaalamu huyo huyo, mwaka 2019, alikuwa ameonyesha kuwa watu wakipewa vyakula vya viwandani wanakula karibu kalori 500 zaidi kwa siku kuliko wakipewa vyakula vya kawaida. Katika majuma mawili walinenepa karibu kilo moja.

Maoni yangu ni haya. Kibaya zaidi ni mafuta yakiungana na unga mweupe au sukari, na kitu chenyewe kiwe laini cha kumezwa upesi. Andazi. Chapati ya kumwagiwa mafuta. Keki. Biskuti. Chipsi na soda. Hapo kalori ni nyingi, kutafuna ni kidogo, na wajumbe wa shibe wanachelewa. Maharage yaliyoungwa kwa kijiko cha mafuta hayafanani na hayo, ingawa ndani yake mafuta yamo.

Tusidhani pia kuwa jambo hili ni la Wazungu tu. Utafiti wa taifa wa Tanzania wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa, kati ya kila wanawake 100 wa miaka 15 hadi 49, wanawake 28 walikuwa na uzito uliozidi. Wakati huo huo watoto wenye utapiamlo ni wengi. Mara nyingi wako katika nyumba moja, kama nilivyoona kwa Mama Tumaini.

Jinsi ya kujua uzito wako

Chukua uzito wako kwa kilo. Chukua urefu wako kwa mita, uuzidishe kwa wenyewe. Kisha gawanya uzito kwa jibu hilo.

Kwa Mama Tumaini: 1.60 mara 1.60 ni 2.56. Kilo 82 gawanya kwa 2.56 ni 32. Kwa mtu mzima, chini ya 18.5 ni wembamba uliozidi. Kutoka 18.5 hadi karibu 25 ni sawa. Kutoka 25 ni uzito uliozidi, na kutoka 30 ni unene wa hatari. Hesabu hii si ya watoto, wala si ya mama mjamzito. Watoto wana kadi yao.

Kama hesabu inakusumbua, njoo zahanati tutaifanya pamoja. Hakuna aibu.

Tulivyopanga na Mama Tumaini

Safari hii sikusimama chini ya mwembe. Nilikwenda nyumbani kwake. Nilimwamkia, nikamwamkia na bibi, yaani mama mkwe wake, kwa maana bibi ndiye anayeshika sufuria mama akiwa shamba. Tulikaa jikoni. Niliwauliza: "Zamani, kabla sijasema yale maneno, lita moja ya mafuta ilikuwa inakaa siku ngapi?"

Bibi akajibu bila kufikiri: "Siku tano. Na mimi nilikuwa nasema ni mengi."

Tukapiga hesabu kwenye daftari la mtoto wa shule. Lita moja ni mililita 1,000. Kwa siku tano ni mililita 200 kila siku. Wanaokula ni watu watano, bila kumhesabu yule mdogo. Kila mtu mililita 40 kwa siku. Hizo ni karibu kalori 330, kama zile za gramu 90 za unga. Kwa baba anayelima kutwa si neno. Kwa mama mwenye kilo 82 na presha, ni nyingi.

Tukakubaliana lita moja ikae siku kumi. Mboga iungwe kwa kijiko, si kwa kumimina kutoka kwenye kidumu. Bibi alisema kijiko ni cha watu wa mjini. Baadaye alikikubali, alipoona fedha ya mafuta inabaki.

Mama aanze kula mboga na maharage, ugali ufuate. Apunguze tonge, na asile upesi. Akimaliza sahani, akae kidogo kabla ya kuongeza, wajumbe wapate kufika. Maandazi yawe ya siku ya gulio, tena moja. Chai yake ilikuwa na vijiko vitatu vya sukari. Tukaanza na viwili. Dawa za presha asiziache hata siku moja, na chumvi ipungue. Atembee kwa miguu kwenda shambani, asipande pikipiki.

Mtoto tulimpangia tofauti kabisa, ingawa chungu ni kile kile. Aendelee kunyonya. Uji wake uwe mzito, usimwagike kwenye kijiko kama maji. Utiwe karanga zilizotwangwa vizuri hadi ziwe laini, kwa sababu punje nzima inaweza kumkaba mtoto. Kama karanga hakuna, kijiko cha chai cha mafuta. Dagaa watwangwe na kuchanganywa kwenye mboga yake. Maziwa au yai, siku linapopatikana. Ale mara tatu au nne kwa siku, katika bakuli lake mwenyewe. Mtoto akila sahani moja na kaka zake, anashindwa mbio.

Kuhusu aina ya mafuta sikuwa na maneno mengi. Wa Singida na Dodoma wana alizeti. Wa Kigoma wana mawese mekundu, ambayo rangi yake hiyo ndiyo asili ya vitamini A. Wa pwani wana nazi. Wafugaji wana samli. Kwa moyo na mishipa ya damu, mafuta ya maji kama ya alizeti na karanga ni bora kuliko yale yanayoganda. Lakini kwa uzito yote ni sawa: gramu moja, kalori 9. Asikudanganye mchuuzi kuwa mafuta yake hayanenepeshi.

Jambo la mwisho tuliloongea lilikuwa gumu kuliko yote. Mama alinyamaza, kisha akasema: "Daktari, nikikonda watasema nina ngoma." Alikuwa na maana ya UKIMWI. Bibi akaangalia chini.

Sikumcheka. Katika vijiji vyetu mwili mnene ni heshima. Ni dalili kuwa mume anatunza na shamba linazaa. Mtu akipungua, majirani hunong'ona. Nilimwambia kuwa watu wenye virusi vya UKIMWI wanaotumia dawa vizuri wanaishi na miili yao kama wengine, na kwa unene au wembamba huwezi kumjua yeyote. Nikamwambia na hili: mtu anayekonda bila kutaka, bila kupunguza chakula, aje zahanati upesi. Inaweza kuwa kifua kikuu, au kisukari, au ugonjwa mwingine unaotibika. Lakini anayekonda kwa mpango, gramu kwa gramu, huku ana nguvu za kulima, huyo haumwi. Sijui kama nilimridhisha. Bibi ndiye aliyemaliza mazungumzo. Alisema: "Wakisema, waje kwangu."

Miezi mitatu ilipita. Mtoto alipimwa akiwa na miezi 17: kilo 8 na gramu 900. Mstari wa kadi yake umeanza kupanda tena. Mama ana kilo 77. Njaa ya usiku imepungua, haijaisha. Lita ya mafuta inakaa siku tisa, kwa kuwa bibi bado anamimina siku za wageni.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Nyumbani kwenu lita moja ya mafuta inakaa siku ngapi? Mnakula watu wangapi? Kila mtu anapata mililita ngapi kwa siku?

2. Nyumba moja ina watu 5. Lita moja inaisha kwa siku 4. Kila mtu anapata mililita ngapi kwa siku? Je, ni zaidi au pungufu kuliko nyumba ya Mama Tumaini ya zamani?

3. Kwa nini mtoto mdogo anahitaji mafuta kwenye uji, na mama yake mnene anahitaji kupunguza?

4. Mjumbe wa nyongo anatoka wapi, na kwa nini anachelewa kwa mtu anayekula upesi?

5. Katika kijiji chenu watu husema nini juu ya mtu anayekonda? Mtamsaidiaje jirani aliyeambiwa na mganga apunguze uzito?